Mbuzi wa Mbegu na Bei Yake

Katika vijiji vya Mgeta, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, mbuzi wa maziwa si mgeni tena. Mwaka 1983 mbuzi kutoka Norwei waliletwa Morogoro, kwenye kitivo cha kilimo ambacho mwaka uliofuata kilikuwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Kuanzia 1988 damu yao ikaanza kusambazwa kwa wakulima wa Mgeta, watu wa mashamba madogo na baridi ya kutosha kumfaa mnyama wa Ulaya. Leo kaya yenye majike watatu au wanne inakamua, inanywa, inauza maziwa kwa jirani, na msimu kwa msimu inauza vitoto. Hapo kwenye kuuza ndipo penye ubishi. Mnunuzi hupanda mlima akiwa na bei ya mnadani kichwani. Mfugaji hutaja bei inayozidi hiyo mara tatu, na hapunguzi. Nani ana haki?

Nimewapa nafasi watu wanne ambao hukutana kila anapouzwa mbuzi wa mbegu: mama mfugaji, kijana mnunuzi kutoka Kibaha, mchuuzi anayepeleka mbuzi Pugu na Vingunguti, jijini Dar es Salaam, na bwana mifugo wa kata. Maneno nimeyapanga mimi, hoja ni za watu wa aina yao. Nami sijifichi: niko upande wa mfugaji, ila kuna mahali namkatalia.

MNUNUZI: Shikamoo, mama. Nimekuja kwa heshima, lakini bei hii imenishinda. Kwa fedha hiyohiyo pale Pugu naondoka na mbuzi watatu wenye nyama. Huyu mtamba wako hata hajazaa. Nalipia nini?

MFUGAJI: Marahaba, mwanangu. Unamlipia mama yake. Huyu mtamba leo hana tone la maziwa, nami siwezi kukuapia atatoa kiasi gani. Ninachoweza ni kukuonyesha mama yake yule pale, na daftari hili. Humu mna siku aliyozaliwa, kama alizaliwa peke yake au pacha, baba yake alitoka banda la nani, na mama yake alitoa maziwa kiasi gani mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Mbuzi wa kienyeji akikupa nusu lita kwa siku, mshukuru. Mama wa huyu nakamua mara mbili, na siku zake nzuri anakaribia lita mbili. Pale Pugu nani atakwambia mama wa mbuzi wako ni nani?

MCHUUZI: Mama yangu, daftari halikamuliwi. Nimezunguka vijiji vingi. Nimeyaona madaftari yaliyoandikwa jioni moja kwa kalamu moja, tarehe za miaka miwili wino uleule. Nimeona jike ambaye hakukamuliwa tangu jana yake ili mgeni akifika akute kiwele kimejaa mpaka kinang'aa. Msinifanye mimi mwizi peke yangu. Mimi angalau nauza mbuzi anayeonekana: mshike mgongo, mshike kidari, lipa, chinja.

Mchuuzi amesema kweli, na wafugaji wasikasirike. Hila ya kiwele ni ya zamani na bado inafanya kazi, kwa sababu mnunuzi wa mjini hufika saa nne asubuhi, hupiga picha, hulipa na kuwahi gari. Dawa yake ni moja tu. Fika jioni, mwone mama wa mtamba akikamuliwa mpaka kiwele kilegee, lala hapo kijijini, kisha asubuhi mwone akikamuliwa tena. Maziwa ya asubuhi hiyo, baada ya kiwele kuachwa kitupu usiku mmoja, hayana pa kujificha. Mfugaji atakayekataa mgeni asilale na asishuhudie, huyo mlipe bei ya mnadani, au mwache.

BWANA MIFUGO: Na hilo daftari, kijana, lifananishe na mdomo wa mbuzi. Mbuzi ana meno manane ya mbele, na yote yako taya la chini. Kitoto ana meno madogo ya utoto. Akifikia mwaka na miezi kidogo, mawili ya katikati hung'oka, yakaota mapana. Karibu na miaka miwili huongezeka mawili mengine. Akifika miaka minne hivi, mdomo umejaa. Ukiambiwa mtamba ana miezi kumi na ukakuta tayari ana meno manne mapana, usibishane na mtu. Aga, ondoka.

MNUNUZI: Na nini kingine nitazame?

BWANA MIFUGO: Fungua kope la chini la jicho. Likiwa na wekundu mzuri, sawa. Likiwa jeupe, minyoo inamnyonya damu tumboni. Papasa chini ya masikio na mbele ya bega. Ukikuta uvimbe mgumu wa tezi au kovu la jipu lililopasuka, usimpeleke kwako, maana usaha ule huambukiza banda zima. Shika kiwele cha mama: pande mbili zilingane, kisiwe na donge, chuchu ziwe mbili na zinazoshikika. Kisha mwache atembee. Mbuzi anayechechemea kwenye kilima alichozaliwa hatapona kwa kuhamia Kibaha.

Tukubaliane kwanza kuhusu bei, kwa sababu ndiyo mzizi. Bei ya mnadani ni bei ya nyama. Inafuata uzito, na inapanda kwa sababu za sikukuu na ukame. Haina namna ya kumlipa mtu aliyeamka alfajiri miaka minane kupima maziwa kwa kikombe na kuandika. Tukimlazimisha mfugaji huyu auze kwa bei ya nyama, tunamwambia kwamba kazi yake haina thamani, naye ataiacha. Ataacha kupima, ataacha kumtafuta beberu wa mbali, na baada ya vizazi vichache damu iliyovuka bahari itakuwa imeyeyuka kwenye kundi la kawaida.

Jirani zetu wa Kenya walilitambua hili. Huko Meru, mradi wa shirika la FARM-Africa ulioanza mwaka 1996 uliingiza mbuzi wa Toggenburg, asili yao Uswisi, na wafugaji wadogo wakajipanga kwenye vikundi na hatimaye wakawa na chama chao. Kenya kuna kitabu cha usajili wa mifugo, Kenya Stud Book, na mbuzi hupandishwa ngazi kizazi kwa kizazi: nusu damu, robo tatu, saba ya nane na kuendelea. Mtu akiuza mbuzi wa robo tatu, karatasi inasema ni robo tatu na namba iko sikioni. Bei inabishaniwa pale pia, bila shaka, lakini watu wanabishania kitu kinachosomeka.

MNUNUZI: Nimeelewa, mama. Basi nichukue jozi. Mtamba huyu na beberu yule mweupe. Nikifika nyumbani nawaacha wazaane.

MFUGAJI: Beberu yule ni kaka yake.

MNUNUZI: Wa mama mmoja?

MFUGAJI: Wa baba mmoja. Upande huu wa kijiji tuna beberu mmoja, na majike wote tunampelekea huyo. Ukichukua jozi hapa, umechukua ndugu.

MCHUUZI: Mtu kaja na hela yake anataka jozi, wewe unamsomea ukoo! Mpe jozi. Mbuzi hawaoani, hawana mahari.

Hapa mchuuzi amenikera, kwa sababu jozi ndiyo njia inayoua miradi midogo ya mbuzi bila mtu kujua imekufa kwa nini. Hesabu yenyewe ni fupi. Mbuzi hubeba mimba kama siku 150, yaani miezi mitano. Kitoto jike aliyelishwa vizuri anaweza kuingia joto akiwa na miezi sita, wengine mapema zaidi. Beberu akianza kazi Januari, mabinti zake watazaliwa Juni, na Desemba wako tayari kupandwa. Kabla mwaka haujakwisha, baba anaweza kumpanda binti yake, na mwenye banda akafurahi kwamba mbuzi wake wanazaa haraka. Hasara haifiki siku hiyo. Inakuja baadaye kwa vitoto vyepesi, vifo vya wiki ya kwanza, majike wanaochelewa kushika mimba, maziwa yanayopungua kila kizazi. Mwenyewe atasema hewa ya pwani imewakataa.

BWANA MIFUGO: Ndiyo maana tunasema beberu asikae zizi moja kupita mwaka mmoja na nusu au miwili, na hata kabla ya hapo mabinti zake wafungiwe mbali naye. Mbadilishane madume, kijiji kwa kijiji. Na vitoto madume watengwe na mama zao na dada zao wakifika miezi mitatu au minne. Watu hucheka wakisikia hivyo, wanadhani bado ni watoto. Si watoto.

MFUGAJI: Mwanangu, nitakuuzia mtamba. Dume katafute kwa mtu wa kijiji kingine, nami nitakutajia nyumba mbili. Zote mbili daftari lao nalijua.

Mfugaji anayempeleka mteja kwa mfugaji mwingine amekwisha kunionyesha kwa nini bei yake ni halali. Mnadani hakuna atakayekufanyia hivyo, si kwa ubaya, bali kwa sababu pale kila muuzaji anataka gari la jioni liondoke tupu.

MNUNUZI: Na ombi langu la mwisho. Nina watoto wadogo, nataka mbuzi wasio na pembe. Jike na dume wote wasiwe na pembe.

BWANA MIFUGO: Unaongelea waliochomwa pembe wakiwa wadogo, au waliozaliwa bila pembe?

MNUNUZI: Kwani kuna tofauti?

BWANA MIFUGO: Kubwa. Aliyechomwa vichipukizi vya pembe utotoni, damu yake bado ni ya mwenye pembe. Huyo hana neno. Lakini kwa mbuzi wenye asili ya Ulaya, ile hali ya kuzaliwa bila pembe imefungamana na kasoro ya uzazi. Ukimpandisha jike asiye na pembe kwa kuzaliwa na dume asiye na pembe kwa kuzaliwa, baadhi ya vitoto waliokuwa wawe majike huwa huntha. Hawazai, hawakamuliki. Mmoja kati ya wazazi awe na pembe, shida hiyo inakwepeka. Kwa hiyo chukua mtamba asiye na pembe ukipenda, lakini dume awe na pembe zake.

Natamani jambo hili lingetangazwa kwenye kila baraza la kijiji kinachofuga mbuzi wa maziwa. Nyumba nyingi hukuza mtamba wa namna hiyo mwaka mzima, humpeleka kwa beberu mara tatu, nne, hashiki mimba, na lawama humwangukia beberu au mganga wa mifugo. Wengine humuuza mtamba huyohuyo kwa mtu wa mbali kama mbuzi wa mbegu. Mfugaji anayefanya hivyo akijua hana tofauti na anayeuza mbegu za mahindi zilizochemshwa.

Sasa nafika mahali ninapomkatalia mama.

BWANA MIFUGO: Mama, samahani nikuulize. Huyu mtamba mbona ndiye bora kuliko wote bandani? Mama yake ndiye anayekuongoza kwa maziwa. Kwa nini unamtoa huyu, na yule mwembamba anabaki?

MFUGAJI: Mnunuzi hamtaki mwembamba. Na Januari inakuja. Nina mtoto wa sekondari, kuna sare, kuna madaftari, kuna michango. Anayeniambia nisiuze aniambie pia nitalipa nini.

Jibu hilo ni zito, na asiyewahi kuhesabu siku za Januari asilijibu harakaharaka. Hata hivyo ukweli unabaki: banda linalouza mtamba bora kila mwaka linabaki na wa mwisho kila mwaka. Ni mbaya zaidi unapokuja mradi kutafuta majike wengi kwa siku moja wa kupeleka mkoa mwingine. Fedha ni nzuri, gari limeegeshwa, na kila nyumba inatoa wale wanaopendeza. Gari likiondoka, kijiji kimeuza mama wa kesho. Ningekuwa na sauti kwenye kikundi cha wafugaji, ningeomba kila nyumba iweke alama jike wake bora na mtamba wake bora wasiuzwe, hata kwa bei mara mbili, na vikundi vikopeshane ada kuliko kuuza mzizi. Ule utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi, ambapo familia hupewa jike na kumlipa kwa mtamba atakayezaliwa ili apewe jirani, umewafikisha watu wengi kwenye kikombe cha kwanza cha maziwa. Utaratibu huo hausimami kama mitamba wanaozunguka ni wale waliobaki baada ya wazuri kuuzwa.

Fedha ya Januari inaweza kutoka kwa madume. Vitoto nusu huzaliwa madume, na kijiji kizima kinahitaji mabeberu wachache tu. Waliobaki wahasiwe mapema na walishwe.

MCHUUZI: Sasa mmekuja kwangu. Hao nawanunua leo, wakiwa na miezi minane.

MFUGAJI: Kwa bei ya leo? Nitangoja Idi.

MCHUUZI: Utangoja sana. Wateja wangu wengi wa pwani ni watu wa madhehebu ya Shafii. Mbuzi wa kuchinja Idi ya kuchinja lazima atimize miaka miwili, asiwe kipofu, asiwe kilema, asiwe amekonda. Miaka miwili unamlisha!

MFUGAJI: Nafuu nimlishe miaka miwili kwa majani niliyopanda mwenyewe kuliko kumtoa leo kwa bei ya kuku wawili. Na daftari langu litamwambia mteja wako siku aliyozaliwa. Wewe huwaambia nini?

Hoja ya mama hapa imenishika. Aliyehasiwa anakubalika kwa kuchinja, ananenepa vizuri, hanuki beberu. Ile tarehe iliyoandikwa kwa ajili ya maziwa inamfaa pia muumini anayetaka kutekeleza ibada yake bila shaka moyoni. Wafugaji wa milimani wakijipanga kuuza madume waliohasiwa wenye umri unaothibitika kwa watu wa Morogoro mjini na Dar es Salaam miezi kadhaa kabla ya Idi, hawatahitaji kumtoa mtamba bora kwa ajili ya sare. Na lingine liko ndani ya hilo: dume mwenye kasoro, mwenye korodani moja au aliyezaliwa na jike mwenye maziwa haba, akihasiwa hawezi tena kuuzwa na mtu yeyote kama beberu wa mbegu.

Magonjwa nayataja kwa ufupi kwa kuwa hayana ubishi. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, na homa ya mapafu ya mbuzi ni ya siku nyingi zaidi. Zote mbili husafiri ndani ya mnyama anayeonekana mzima siku ya kununuliwa, na mnadani, ambapo mbuzi wa wilaya tano hupumuliana kutwa, ndiko zinakoshinda. Muulize mfugaji chanjo gani imechomwa na lini. Pata kibali cha kusafirisha mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 si pambo. Ukifika nyumbani, mgeni akae peke yake wiki tatu au nne kabla ya kuchanganywa na wenzake, na mtu anayemlisha asitoke kwake kwenda moja kwa moja kwa wengine.

MNUNUZI: Mama, na joto la Kibaha je? Hapa ninatetemeka, kule tunalala bila shuka.

MFUGAJI: Ndiyo maana sikukupa yule wa damu nyingi ya Norwei, ingawa ana bei zaidi. Chukua huyu, chotara wa nusu. Mjengee banda la juu lenye sakafu ya mbao na upepo wa kutosha, kivuli mchana kutwa, maji safi kila wakati. Nitakufungia mzigo wa majani anayoyajua, umchanganyie na ya kwenu kidogokidogo. Na nipigie simu akipandwa, niandike.

MCHUUZI: Mimi wateja wangu siku hizi hawapandi hata mlima. Natuma picha, wananitumia hela na ya kutolea juu yake, namfunga mbuzi kwenye gari, mambo yamekwisha.

Kwa mbuzi wa nyama, sawa, afanye biashara yake; miji inakula kwa mikono ya watu kama yeye, na wafugaji wanamhitaji. Kwa mbuzi wa mbegu hukumu yangu ni kwamba bei ya mama ni ya haki kwa masharti matatu: mama wa mtamba aonekane akikamuliwa, daftari lisomwe mbele ya mnunuzi, na mbuzi bora wa banda asiwe yeye anayeuzwa. Sharti moja likikosekana, mnunuzi ana haki ya kudai bei ya mnadani.

Wewe unayekusudia kuanza, usitume hata shilingi kabla hujapanda mlima na kulala hapo usiku mmoja. Nawe mfugaji, nunua daftari wiki hii, uanze na mbuzi ulionao leo. Andika tarehe, andika baba, andika maziwa, na uandike pia vitoto waliokufa, jike aliyetupa mimba na beberu aliyeshindwa, kwa maana mnunuzi makini atakapolifungua atatafuta kurasa hizo kwanza.